Mama Niliyekataza Asitafutwe

Faida mwanangu,

Saa hii mko kanisani. Wamekuita mbele, wanakuwekea mikono kichwani, wanakuombea safari, na bila shaka wameshaanza kuuliza mama yake yuko wapi. Nilimwambia baba yako aseme kichwa kinaniuma. Hakiniumi. Ninaogopa, na nilijua nikisimama pale mbele watu wataiona hofu yangu na kufikiri ni ya nyoka na malaria.

Sikuandikii habari za chandarua wala maji ya kunywa. Wewe ndiye uliyesomea uuguzi. Nakuandikia kwa sababu yale niliyokwambia Jumamosi niliyasema vibaya, huku nalia, mjomba wako Bisimwa ananikatiza kila neno. Nataka niyaseme tena kwa utulivu, kabla gari lenu halijaingia hapa uani.

Unakumbuka lilivyoanza. Ulipiga chafya mezani, nami nikasimama ghafla, sahani mkononi. Ukacheka. "Mama, ni vumbi la maua tu. Louisville nzima inapiga chafya." Mjomba wako, ambaye alikuwa amefika asubuhi kwa basi kutoka Buffalo ili akuage, hakucheka. Alinitazama mimi. Sisi wawili tu ndio tuliojua kwa nini nimesimama.

Tangu utoto nimekusimulia habari za Bibi Mado, yule muuguzi aliyeingia msituni kwa miguu, peke yake na mkalimani, kuwapelekea dawa watu ambao hakuna aliyewafikia. Kule Buffalo, ulipokuwa darasa la nne, ulijifunga kitambaa cheupe kichwani ukaigiza kuwa yeye, na mimi nilipiga makofi kuliko wazazi wote. Ulipochagua uuguzi ulisema ni kwa ajili yake. Ulipojiunga na hawa wanaokwenda Amazoni kuwafikia watu wanaojificha msituni, sehemu za juu za mto, ulisema ni kwa ajili yake pia. Na kila mara nilinyamaza. Nilikuwa nimekupa nusu ya hadithi, wewe ukajenga maisha yako juu ya hiyo nusu.

Nusu nyingine ni hii. Bibi Mado hakunizaa. Mimi na mjomba wako ndio tuliokuwa ndani ya ule msitu.

Mimi ni Mtwa, mwanangu, wa kabila la watu wa msituni. Baba yako anajua tangu tulipochumbiana. Wewe sikukwambia kwa sababu kwetu neno hilo watu hulitamka kama wanatema kitu. Hata hapa Louisville, juzi tu kwenye mazoezi ya kwaya, mama mmoja alimtania mwenzake kwamba ana miguu mifupi kama ya wale wa porini, na wote wakacheka, na mimi nikacheka. Nilitaka ukue bila kitu hicho mgongoni. Sasa naona nilichokuondolea ni kile ambacho kingekusaidia kufikiri.

Babu yangu Murhula ndiye aliyetutenga na watu. Kabla sijazaliwa, wazee wetu walikuwa wakipeleka nyama na asali kwa wakulima wa ukingoni na kurudi na chumvi na visu. Kwa hiyo usidhani tulikuwa hatujui kwamba dunia ina watu wengine. Tulijua. Halafu wakaja watu wenye bunduki, wakasema msitu si wetu tena, wakachoma vibanda, wakamuua mdogo wake babu. Babu akakusanya familia chache, akaingia ndani kabisa, akasema yeye na watu wa nje basi. Viongozi wenu hawalisemi jambo hili wanapoonyesha zile picha zao ukutani. Mtu anayejificha mara nyingi ameshatuona. Ametuona vizuri.

Nilizaliwa huko ndani. Mpaka meno yangu ya mbele yalipong'oka nilikuwa sijaona mtu ambaye si wa jamaa yangu. Tulikuwa na raha? Nisikudanganye. Mvua ikizidi tulilala njaa. Kaka yetu mmoja alikufa kwa kuharisha, na leo najua kwamba maji yenye chumvi na sukari yangeweza kumwokoa. Huyo ndiye mjomba wako anayemkumbuka sana. Mimi namkumbuka mama yetu, Nsimire, jinsi alivyokuwa akiongea na mtoto mgongoni siku nzima bila kuchoka, akimweleza kila jani.

Bibi Mado alikuwa anafanya kazi kwenye zahanati ya barabarani. Wawindaji walimwambia kuna watu ndani wanakufa bila dawa, akakosa usingizi. Ndivyo alivyokuwa, moyo wake haukujua kukaa. Akamchukua mkalimani, jina lake Safari, wakatembea mpaka wakafika karibu nasi. Babu aliposikia, alikata matawi akayalaza njiani, majani yakielekea nje. Kwetu hiyo ilikuwa na maana moja, kwamba nyumba imefungwa. Bibi Mado aliyavuka. Miaka mingi baadaye aliniambia alidhani ni upepo umeyaangusha.

Hakuja kwa nguvu. Alikaa chini mbali kidogo akaanza kuimba. Sisi watoto tukachungulia. Aliyetoka kwanza alikuwa mama yangu mwenyewe, kwa sababu mdogo wetu wa mwisho alikuwa na vidonda kichwani, analia usiku na mchana. Bibi Mado alimwosha mtoto kwa sabuni, akampaka dawa, na asubuhi mtoto akaamka bila kulia. Mama alicheka. Faida, sitakuficha, lile lilikuwa jambo jema na nililiona kwa macho yangu.

Safari alikuwa na mafua. Alipenga kamasi kwa vidole, akajifuta kwenye suruali, akatugawia chumvi kwa mkono uleule. Nani angejali? Mafua tu.

Walikaa siku chache wakaondoka, wakiahidi kurudi na nguo za watoto. Walipokwisha kwenda, babu akaanza kukohoa. Halafu bibi yangu, halafu mjomba mmoja na mke wake, halafu mimi na Bisimwa. Hatukuwahi kuwa na kikohozi cha namna ile. Babu alishindwa kulala chali, akawa anakaa ameegemea mti, anavuta pumzi kwa mdomo. Siku alipoona hawezi kusimama tena, aliwaamuru wote ambao hawajaanza kukohoa wavuke kijito. Mama yangu alikuwa mmoja wao, na mtoto mgongoni. Babu akamwambia, "Nenda. Usirudi hata ukisikia wanakuita. Na akija mtu yeyote, hata anayeimba, kimbia."

Bisimwa aliingia majini kumfuata. Babu akatambaa akamshika mguu. Mama alisimama ng'ambo akatutazama, mimi na mwanawe wa kiume. Halafu akageuka akaenda. Nilimchukia kwa hilo muda mrefu. Mpaka nilipokuzaa wewe, nikakubeba mgongoni mara ya kwanza, ndipo nikaelewa alikuwa amebeba nini siku ile.

Bibi Mado aliporudi na furushi la nguo alitukuta sisi wawili tu tunapumua. Alikaa chini katikati ya wale waliokufa akapiga mayowe. Kisha akafungua begi akatuchoma sindano, akambeba Bisimwa mgongoni, mimi nikabebwa na mwindaji aliyemwongoza njia, mpaka zahanati. Akatulea. Akaniita Mwamini. Mkono ulionilisha mpaka nikawa mtu mzima ndio mkono ulioleta yule mwenye mafua. Jumamosi ulitaka nikuambie kama alikuwa mwema au mbaya. Alikuwa mama yangu wa pili. Nilimpenda na ninampenda.

Nilimuuliza mwenyewe, kwenye kambi ya wakimbizi, alipokuwa mgonjwa na sisi tunasubiri kuletwa huku Amerika. Nilimuuliza, "Mama, ungejua, ungekuja?"

Alifumba macho mpaka nikadhani amelala. Akasema, "Nilidhani nimebeba dawa tu." Halafu akasema, "Ningekaa kule zahanati nikingoja kama watatoka wenyewe. Lakini nikiwatazama ninyi wawili, sasa niseme nini?"

Sasa nikuambie lile ambalo Jumamosi sikufikia, kwa sababu mjomba wako aliondoka mezani.

Tukiwa bado kambini, alifika mwanamume wa upande wetu, mtegaji, anayejua msitu ule. Hakujua sisi ni nani. Alikuwa anasimulia tu safari zake, watu wamekaa wanasikiliza, akasema kule ndani kabisa alikuta moto ambao haujapoa, nyayo ndogo, na matawi yamelazwa njiani, majani yakielekea nje. Bisimwa alinishika mkono mpaka ukauma.

Usiku huohuo alitaka aende naye. "Yaya, ni mama. Nani mwingine anayalaza vile?"

Mimi ndiye Yaya, dada mkubwa. Nilimwambia hapana. Nilimwambia sisi tumetoka kambini, watu wanakohoa kila hema, tutampelekea nini? Nikamwita yule mtegaji pembeni nikamwomba, akiyakuta tena matawi, ageuke arudi, na asimwambie mtu yeyote. Aliniona kama mwenye wazimu, lakini aliahidi.

Ndugu yangu hakuzungumza nami mpaka tulipofika Amerika. Kwenye ndege alikaa mstari mwingine. Kule Buffalo tuliishi jengo moja, tukisalimiana kama majirani. Tulipohamia huku kwa ajili ya kazi za maghala, yeye alibaki, na mimi niliwaambia watu anapenda baridi.

Nilimkosea? Hili ndilo linaloniamsha, mwanangu. Labda hakuwa mama. Labda alikuwa mama, mzima, na wajukuu nisiowajua, na kukataa kwangu ndiko kulikowaacha hai. Au labda alikuwa mgonjwa, amebaki na wachache, amezeeka, na alikuwa anangoja watoto wake wavuke yale matawi, watu pekee duniani ambao angefurahi wayavuke. Sijui. Niliamua nisijue. Watu wanaosema wale waachwe wenyewe husema kana kwamba ni jambo jepesi, unafunga mlango unarudi kwenye chai yako. Si jepesi. Ukimwacha mtu kwa kumpenda, hutapata siku ya kujua kama ulifanya vema.

Unakumbuka nilipokuwa nafanya kazi kwenye ile nyumba ya wazee Kenmore, kulekule Buffalo, mwaka ule wa ugonjwa uliofunga dunia? Wewe ulikuwa nyumbani unasomea kwenye kompyuta. Palikuwa na binti wa mzee mmoja, kila alasiri anasimama nje kwenye theluji, kiganja juu ya kioo, na mama yake anaweka kiganja chake upande wa ndani. Mjomba wako ndiye aliyekuwa akinipeleka na kunirudisha kwa gari. Siku moja aliwaona. Tukiwa njiani akaniuliza, bila kunitazama, "Njo ile ulifanya na mama?"

Nikasema ndiyo, ndiyo ile.

Akaendesha mpaka taa nyekundu. Akasema, "Lakini ule mama anamuona mutoto wake ku dirisha. Wetu hakutuona."

Taa ikawa kijani, akaondoa gari.

Kwa hiyo ulimsikia Jumamosi. "Yaya, unamuogopesha mutoto bure. Mie niko hai juu ya sindano ya Bibi Mado."

"Na kikohozi kililetwa na nani?"

"Kikohozi kingefika tu! Kama si Safari, basi wale wa bunduki. Bon, heri kifike pamoja na mwenye sindano."

Na wewe ukasema, kwa Kiingereza, polepole, kama unayeogopa kunivunja, kwamba Bibi Mado asingekuja, wewe usingekuwepo. Hapo ndipo nilipozidi kulia na mjomba wako akatoka nje kuvuta hewa.

Nimelifikiria neno lako siku zote hizi, nikiwa kazini kule Jeffersontown nafunga maboksi, mikono inafanya kazi peke yake. Ni kweli. Sina neno la kukushinda, na siwezi kutamani dunia ambayo wewe haumo. Lakini angalia ni nani anayesema hivyo. Ni sisi tuliobaki. Babu hakusema hivyo. Mke wa mjomba wangu hakusema hivyo. Wao walilaza matawi, na hakuna aliyewauliza yana maana gani.

Jumapili ulimpigia kiongozi wenu nikiwa karibu, ukaweka kipaza sauti ili nisikie. Ulimuuliza, "Na wakikataa?" Alijibu kwa upole kabisa, sauti nzuri ya mtu anayesali sana. "Tutarudi tena na tena mpaka watuzoee." Niliona uso wako. Ulimshukuru, ukakata simu, ukakaa kitandani ukitazama soksi zako. Baadaye ukaja jikoni ukasema, "Mama, mimi nitakaa zahanati ya kijijini, na wale ambao tayari wanakuja wenyewe. Mtumbwi wao wa kwenda juu sitaupanda. Nimeshamwambia." Nikakuuliza alisemaje. Ukasema alisema atakuombea.

Nimekuamini. Na bado naogopa, maana nakujua. Una moyo wa Bibi Mado ingawa huna damu yake. Utakaa pale kituoni, utasikia kwamba huko juu kuna mtoto anaumwa, na miguu yako itaanza kuwasha. Watakuambia ni safari ya siku moja tu. Watakuambia umepimwa, huna kitu, una barakoa. Na huenda kweli huna kitu. Lakini atakayeshika kasia, je? Naye mpishi? Safari hakuwa mtu mbaya, mwanangu. Alikuwa mtu mwenye mafua.

Wakitoka wenyewe, ni jambo jingine. Akija mama na mtoto wake mwenye vidonda mpaka kwenye mlango wako, usijifanye huoni, usianze kufikiria habari zangu. Mfungulie, nawa mikono mpaka kwenye viwiko, weka mbali wote wanaokohoa, na usiwaache hata baada ya kupona, kwa sababu mtu akishaguswa mara moja hawezi kurudi alikokuwa. Hilo Bibi Mado alilielewa. Alitulea mpaka mwisho.

Lakini ukikutana na ile mishale waliyoichomeka njiani, uliyonionyesha kwenye simu, ukaniambia kuna watu wanabishana kama ni ibada au ni mtego wa wanyama, usibishane nao. Geuka. Hata kama wote uliofuatana nao wanaendelea mbele na wewe unaonekana mwoga. Uwe mwoga. Mtu hana deni la kukueleza kwa nini hakutaki kwake. Anaweza kuwa na babu aliyekufa ameegemea mti.

Mjomba wako na mimi tumezungumza jana, muda mrefu kuliko miaka yote hii. Hatukupatana. Yeye bado anasema angekwenda. Mimi bado nasema nisingemruhusu. Lakini alikunywa chai yangu, akaniambia alikuwa akimwota mama miaka ya kwanza na siku hizi hamwoti tena, na hilo ndilo linalomtisha, kwamba atasahau sura yake. Nikamwambia alikuwa na mwanya kwenye meno ya chini. Alikuwa amesahau. Akashika mdomo wake mwenyewe, akatafuta mwanya kwa kidole, nao upo. Ni yeye atakayekupeleka uwanja wa ndege asubuhi. Ameomba mwenyewe.

Mimi nitabaki hapa mlangoni, sitakuja. Usinione nimekasirika. Nimekueleza yote sasa, na sikukuambia usiende, ingawa neno hilo limenikaa mdomoni wiki nzima. Nenda ukatibu watu. Ila ujue unamwacha nani nyuma. Nimeishi karibu maisha yangu yote bila kujua kama mama yangu yuko hai. Sijui ana mvi, sijui amelala wapi, sijui kama lile kosa langu lilimuumiza, kama lilikuwa kosa. Nimeweza. Watu wanaweza mambo mengi wakilazimika.

Kwako sitaweza. Huko kukiwa na mtandao hata wa kupanda juu ya kilima, nipigie simu.

Mama yako,
Mwamini